Mansuri Aliyelipa Mapema Mno

Mansuri Kibwana wa Matombo, milimani Uluguru, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kulipa. Wenzake wa rika lake wana presha, wana sukari, wana magoti. Yeye, akidaiwa, alikuwa hapati usingizi. Akiazima kiberiti kwa jirani, jirani hajainjika chungu, kiberiti kimesharudi na shukrani juu yake. Mkewe Hidaya alikuwa akisimulia kwamba mahari yake ililipwa yote siku ile ile posa ilipokubaliwa, na kwamba jambo hilo liliwafedhehesha kidogo kwao, maana kila sikukuu kaka zake walikosa la kumdai shemeji yao kama watu wengine.

Ugonjwa huo aliupata makaburini, angali kijana. Alikuwa akizikwa mjomba wake, mtu wa kanzu safi na maneno matamu. Sheikh akauliza kama ilivyo desturi: kama yuko anayemdai marehemu, ajitokeze. Wakajitokeza wengi hata sheikh akawaomba wakae kwanza, jua lisije likachwea na mtu hajafukiwa. Mansuri alimtazama mjomba wake ndani ya sanda, akamwona kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe. Akaapa kwamba siku yake ikifika, sheikh atauliza, na ndege tu ndio watakaojibu. Hilo ndilo lililokuwa lengo lake maishani. Watu hutaka magari. Yeye alitaka kimya.

Alikuwa na duka la chumvi, sabuni, sukari na mafuta, na mali yake aliifuata mjini Morogoro. Enzi hizo muuzaji wa jumla alikuwa Mama Pramila, bibi wa Kihindi aliyekaa juu ya magunia akitafuna tambuu. Alikuwa akikutazama usoni, anakuuliza, "Lini?" Unamjibu, "Mwezi ukiandama." Anasema, "Beba." Basi. Dunia nzima ilikuwa ikienda kwa maneno matatu, na ilikuwa ikienda. Siku hizi yupo mjukuu wake, Jaydeep, nyuma ya kioo. Jaydeep si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba ana kompyuta. Ukimwambia "mwezi ukiandama" anaitazama kompyuta, na kompyuta haijui mwezi.

Ndiyo maana Mansuri alipoletewa habari za Kadi Neema, kadi ya kampuni ya mikopo, aliichukua. Kampuni ilimlipa Jaydeep, Mansuri akabeba mali, kisha akairudishia kampuni kwa simu. Akilipa kabla ya mwisho wa mwezi, hatozwi kitu. Akichelewa, anatozwa, na akizidi kuchelewa anatozwa juu ya kutozwa. Walitaka na mdhamini asiye ndugu. Akamchukua Scholastika, mjane wa Kikatoliki wa karibu na misheni, mwenye shamba la mdalasini na mbuzi wa kuweka dhamana, ambaye ukoo wake na ukoo wa Mansuri ni watani tangu mababu. Huko Uluguruni mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia na kukucheka msibani, nawe huna ruhusa ya kununa. Mtu wa namna hiyo hawezi kukuficha jambo. Ni mdhamini mzuri kuliko ndugu.

Basi Mansuri akawa anakopa na kulipa. Kila jioni alichouza alikituma. Mwisho wa mwezi ulikuwa ukimkuta ameshasahau kwamba aliwahi kudaiwa. Aliamini kampuni inampenda.

Kisha, masika yakiwa yananukia, wakati ambao kila mwenye duka mlimani hujaza rafu kabla barabara haijageuka uji, simu yake ikalia. "Ndugu mteja, akaunti yako imefungwa kutokana na mwenendo wa malipo yako." Ujumbe ule ule ulikwenda kwa mdhamini.

Kabla hajamaliza kuusoma mara ya pili, alisikia sauti barabarani.

"Mansuri! Mwizi wewe, toka nje!"

Hilo halikumshtua. Mtani hana salamu nyingine. Kilichomshtua ni simu iliyokuwa mkononi mwa Scholastika.

"Umekula nini cha watu, mzee mzima? Si ungeniita tukala wote? Mbuzi wangu wamelala salama kwa sababu hawajui kusoma!"

"Sidaiwi, Scholastika."

"Mwenendo wa malipo yako! Mwenendo! Mwenendo mzuri unafungiwa?"

Mbele ya duka alikuwapo Castory, mnunuzi wa pilipili manga, mtu ambaye habari hailali kwake. Akaacha kikombe cha kahawa bila kukimaliza, akashika njia. Mansuri alimtazama akishuka kilima na akajua kwamba kabla ya adhuhuri yeye naye atakuwa kama marehemu mjomba wake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Waliofurahi zaidi ni wale waliokuwa wakila duka lake kwa mkopo. Walimpungia mkono kwa upendo mpya, kama watu waliopata mwenzao.

Alfajiri iliyofuata alipanda Fuso ya ndizi hadi Morogoro, akaenda ofisi ya Kadi Neema. Alimkuta binti mpole, jina lake Faraja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekuja kulipa."

Faraja akabonyeza, akatazama. "Kulipa nini, babu? Hudaiwi."

"Basi mmenifungia nini?"

"Ndiyo hivyo, babu. Hudaiwi."

Mansuri akadhani masikio yake yamechoka na safari. Akauliza tena, akajibiwa vile vile. Binti akaona huruma, akasogeza kiti.

"Babu, nikwambie ukweli. Kampuni inakula kwa wanaochelewa. Wewe tangu umeanza hujachelewa hata siku moja. Tunakubeba bure. Sasa mfumo umewatoa wote wa aina yako."

"Huyo mfumo yuko chumba gani nimsalimie?"

Faraja akacheka, akaziba mdomo. Akainama karibu. "Ninaweza kukuombea ufunguliwe. Ila ujitahidi kuchelewa kidogo."

"Nijitahidi?"

"Siku chache tu kila mwezi. Tozo yake ndogo. Kuchelewa si kosa, babu. Ni bidhaa, tunaiuza."

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alizifikiria rafu zake tupu na mawingu aliyoyaacha juu ya mlima. Siku chache. Watu wazima wa maana mjini huishi ndani ya siku chache hizo maisha yao yote, wananenepa.

"Nikifa katikati ya hizo siku chache?"

"Kuna bima, babu."

"Bima itasimama makaburini iseme nini?"

Binti akaitazama kompyuta, na si kosa lake. Alisoma hadi chuo, na chuoni hawazikani. Mansuri akaomba jambo moja la mwisho: amtumie mdhamini wake ujumbe kwamba yeye hadaiwi kitu.

Faraja akatafuta kwa bidii. "Huo haupo, babu. Upo wa kukumbusha deni, wa kuonya, na wa kufungia. Wa kutodaiwa haujatengenezwa."

Akarudi mlimani mikono mitupu. Alikuwa amepita kwa Jaydeep kuomba mali, naye akamsikitikia tu kupitia kioo. Njia nzima Mansuri alikuwa akijiuliza ni wakati gani hasa mwaminifu aligeuka kuwa hasara, na kwa nini hakuna aliyetangaza msikitini.

Alimkuta Scholastika akianika mdalasini, akamweleza yote. Mjane alisikiliza mdomo wazi, kisha akakaa chini juu ya majani kwa kicheko.

"Yaani wamekufumania na uaminifu! Mimi marehemu mume wangu nilimfumania na mengi, hilo sikuwahi kumkuta nalo!"

"Cheka. Nani ataniamini?"

"Hata mmoja," alisema Scholastika akijipangusa machozi. "Mimi mwenyewe nakuamini kwa sababu wewe huna akili ya kutunga uongo kama huu." Akafikiri. "Basi kufa."

"Nini?"

"Kufa. Kesho gulio, watu wote watakuwapo. Lala barazani kwako nikufunike. Nani atanizuia? Mimi mtani."

Mansuri alikataa, kisha akapiga hesabu ya heshima iliyombakia, akaona haizidi ile ya maiti. Hidaya akatoa shuka. Alichagua la zamani, maana hakuona sababu ya kuchafua jipya kwa mfu wa uongo.

Gulio lilipojaa, kilio kikapanda. Scholastika alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe nje ndani, kama wafanyavyo watani msibani, na mbuzi wake amewafunga kwenye nguzo ya duka.

"Jamani njooni! Mansuri amekufa! Ameuawa na ujumbe wa simu!"

Watu wakaacha mananasi yao wakaja mbio. Walipoona maiti inapumua wakaanza kucheka, lakini hawakuondoka. Sheikh Hafidhi alikuwa akipita. Jambo kama hilo hakuweza kuliruhusu, basi akasimama mbali akautazama mlima kwa namna ya mtu anayesikia vizuri.

"Kama yuko anayemdai marehemu," Scholastika akapaza sauti, "ajitokeze sasa hivi! Mimi ndiye mdhamini, na mbuzi ni hawa! Achague!"

Hakuna aliyejitokeza.

"Castory! Tangu juzi mdomo wako haujalala. Unamdai nini?"

"Mimi? Simdai."

"Sema kwa nguvu, maiti haisikii vizuri."

"Simdai kitu!"

"Baba yako je? Aliwahi kumdai? Mkeo? Kuku wako?"

Watu wakavunjika mbavu. Castory naye akacheka, afanyeje. Scholastika akazunguka uwanja mzima akiwanyooshea kidole mmoja mmoja, na kila mmoja akatikisa kichwa. Kikaja kimya. Chini ya shuka Mansuri alikisikia, na wanaojua wanasema miguu ya maiti ilitulia kabisa, kama mtu aliyefika.

Angeachwa hapo ingetosha. Lakini mtani haachi.

"Haya! Na ambao marehemu anawadai?"

Ghafla kila mtu akawa na jambo la kutazama kwenye ndala zake.

"Waache," lilisema shuka.

"Maiti haisemi!" Scholastika akaipiga kofi. "Yuliana, sabuni ya ubatizo wa mjukuu wako ilitoka kwa nani? Nyamaza, nimeshaona uso. Lete pilipili. Na wewe nyuma ya mgomba, hata ukijifunika kwa jani nakuona!"

Wakaleta. Si wote, wengine walikumbuka ghafla kwamba wana wagonjwa nyumbani. Lakini jioni baraza ilikuwa na karafuu, pilipili manga, mdalasini, na mikungu ya ndizi ambayo maiti ililazimika kufufuka ili kuipokea. Mansuri akavishusha vyote mjini. Jaydeep alitafuta kwenye kompyuta mahali pa kuandika pilipili manga, hapakuwapo. Akatoka nyuma ya kioo, akachota kwenye gunia kwa kiganja, akanusa, akasema, "Beba." Ilikuwa nusu tu ya mali ya kawaida. Mafuta hayakupatikana. Lakini ilifika dukani kabla barabara haijakatika.

Ikabaki haki ya mtani. Mtani akishafanya kazi yake msibani hulipwa, na Scholastika alikuwa ameidai siku ile ile ya gulio, mbele ya watu: mfuko wa chumvi. Dukani hapakuwa na chumvi hata ya kulamba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mansuri Kibwana aliyasema yale maneno.

"Nitakulipa kesho."

"Mmesikia?" Scholastika aliwauliza watu. "Mmesikia wote?"

Usiku ule Mansuri hakulala. Wala ule uliofuata. Fuso ilipoteremsha mzigo, hakufungua hata duka. Aliubeba mfuko wa chumvi begani akapanda nao hadi kwa mjane.

"Haki yako hii."

"Siitaki."

"Scholastika!"

"Siitaki, mwizi wewe. Siku ukizikwa, sheikh atauliza, na watu wote watanyamaza kama mabubu. Mazishi gani hayo? Nataka nisimame mimi, peke yangu, niseme namdai. Watu wanitazame."

"Na kama ukinitangulia kufa?"

"Basi njoo ulipe kaburini kwangu, nione kama utanipata."

Aliuacha mfuko mlangoni akaondoka haraka. Asubuhi aliukuta kwenye baraza yake. Akaupandisha tena, ukashuka tena, umebebwa na mjukuu wa mtu, hajulikani nani. Masika yakaanza kwa hasira, barabara ikafungwa, na mfuko ukawa unapanda na kushuka kilima kati ya nyumba mbili, ukilowana, kila safari mwepesi kidogo kuliko iliyotangulia.