Rangi Mbili Nne

Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kwa kuchungulia watu nina shahada, na muuza dawa wetu wa Ng'ambo ndiye pekee aliyenishinda. Zamani dawa ilikuwa ya Serikali. Tangu biashara iwe huria, mtaa mmoja una maduka ya dawa matatu, na chombo kikuu cha huyu wetu ni mkasi, maana humpati mtu wa kununua dozi nzima. Ukitaka vidonge vinne anakukatia vinne, kach, bila ya kuinua macho wala kubanduka kitini.

Juzi nimekaa dukani kwake, akaja mama kijana, mtoto kamlalia begani anahema mbiombio.

"Shikamoo. Nipe rangi mbili nne," akasema. Rangi mbili kwetu ni vile vidonge vya kila maradhi.

"Marahaba. Mkasi umepotea."

Mie namuona kaukalia! "Bi mkubwa, si huo hapo..."

"Kikohozi chako kimepona? Basi nyamaza." Akamgeukia mama. "Mpeleke kituo cha afya akapimwe. Vinne havimponeshi huyu."

"Kule foleni, na dawa wataniandikia nije kununua huku huku."

"Njoo na karatasi yao, ntakupa dozi kamili."

Mama akasonya, akashika njia ya kituoni, ambayo inapita mbele ya yale maduka mawili mengine. Muuza dawa akainuka, akatoa kichwa mlangoni. Na mimi nikatoa changu.

"Moja kalipita," nikamwambia.

"Bado moja," akasema, na wala hakukaa.