Mlango Usiopambwa

Katoni za mayai nilianza kuziweka tangu kiangazi, bila sababu yoyote. Mimi si mtu wa kutupa kitu. Chupa za jemu, maboksi ya maziwa, roli za karatasi za chooni, foronya iliyochanika, vyote vilikaa kwenye kabati la chini jikoni vikingoja siku yao. Aliyekuwa mume wangu alikuwa akiliita kabati hilo jalala. Tulipoachana alihamia upande wa pili wa reli, kwenye zile nyumba za mstari zenye ngazi na kibustani mbele. Mimi nikabaki Hagsätra, mtaa wetu wa magorofa, orofa ya tatu, na jalala langu na binti yetu wa miaka tisa, wiki moja kwangu, wiki moja kwa babake.

Siku ya kubadilishana ni Jumapili jioni. Wiki yangu, nyumba ina kelele na viatu viko kila mahali, nami nagomba. Wiki isiyo yangu naisikia friji ikinguruma. Watu wakiniuliza nasema nimezoea, na huo ni uongo. Sijazoea hata kidogo.

Mwaka huo Halloween iliangukia wiki ya babake. Jumapili ya kuondoka, binti yangu alikuwa amekwisha kuvaa viatu na koti, mkoba mgongoni, ndipo akaniambia. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi, na hivyo ndivyo tunavyoelewana. Alisema Ijumaa yeye na wenzake watatu wa darasani wangezunguka wakigonga milango ya watu na kuomba peremende, na huenda wakafika kwetu pia, kwa kuwa yeye anaijua nambari ya kufungulia mlango wa chini.

"Lakini pamba, mama," alisema. "Pamba vizuri. Kwa wasiopamba huwa hatuendi."

"Nitapamba mpaka mshangae," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kama anayetaka kuongeza neno, kisha akateremka. Nilisikia hatua zake mpaka chini.

Sasa niseme ukweli: nilikuwa nimeishi nchi hii miaka kumi na miwili na sikuwahi kupamba Halloween hata mara moja. Nilikozaliwa, Nakuru, hatuna sikukuu ya kutishana. Lakini mtu akisema anakuja kwako, hilo nalijua. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji mimi nilikuwa mgonjwa kweli. Niliwaza binti yangu akiingia na wenzake, wavue viatu, wakae sebuleni, wanywe chokoleti ya moto, waone kwamba huku orofa ya tatu pia kuna nyumba. Kwa babake kulikuwa na maboga makubwa kwenye kila ngazi, nilikuwa nimeyaona nikipita. Nami nilinunua boga moja. Nikalitazama, likanitazama, nikalipika.

Kwa hiyo nikaligeukia jalala. Katoni ya mayai ukiikata vikombe vitatu vitatu, kile cha katikati kikawa kichwa na vile vya pembeni ukavipunguza kwa mkasi viwe mabawa, unapata popo. Rangi nyeusi sikuwa nayo, ila rangi ya viatu haikosekani nyumbani kwangu. Niliwapaka popo ishirini na mmoja kwa brashi ya viatu, nyumba nzima ikanukia Jumapili jioni ya utotoni, tulipokuwa tukipanga viatu vya shule ukutani. Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza, kwa sababu kucheka peke yako ndani ya nyumba tupu kunachosha upesi.

Vizuka nilivifanya kwa foronya. Nilikoroga wanga wa mahindi kwenye sufuria kama uji mwepesi, nikachovya vipande vya kitambaa, nikavitandaza juu ya chupa nilizoziwekea mpira mdogo wa kuchezea mdomoni uwe kichwa, vikauke. Ukiondoa chupa, kizuka kinasimama chenyewe. Mama yangu alitumia wanga huohuo kukaza vitambaa vya makochi, visimame kama taji wageni wakija. Na vitambaa vyenyewe, ambavyo alinifundisha kuvifuma kwa sindano ya kroshia nikiwa darasa la nne huku nikilia, niligundua kwamba vile vya duara, ukifuma kwa uzi mweusi na ukaacha nafasi, ni utando wa buibui mtupu. Nilifuma usiku mbili. Ulitoka mpana kuliko meza, nikautundika juu ya kochi anapopenda kukaa binti yangu, na katikati yake nikaweka buibui wa roli ya karatasi mwenye macho ya vifungo vya koti lake la zamani. Vifungo vile nilijua atavitambua.

Siku ya Alhamisi rafiki yangu wa kanisani alinipigia simu ya video. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu, anakaa Hallunda, na kanisa letu liko kulekule. Nilipokea nikiwa nimesahau kilicho nyuma yangu.

"Weye dada," akasema, uso umemsogea mpaka kwenye kioo, "ile ni nini iko nyuma yako?"

"Ni vizuka."

"Mungu wangu! Sisi tulikimbia wafu kule kwetu, na weye unawashona?"

"Sijawashona. Nimewatia wanga."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mkali. "Ile mambo haiko ya watu ya Mungu, minakuambia kweli."

"Ni ya mtoto," nikasema. "Anakuja kesho na wenzake."

Anajua habari za wiki zangu. "Wiki hii unakula na nani, dada?"

"Na redio."

"Alors, basi," akasema taratibu, "kama iko ya mtoto, fanya. Lakini ngoja nikuombee." Akaomba palepale, kwa sauti, nami nimefumba macho na gundi vidoleni, popo ishirini na mmoja wakining'inia juu ya kichwa changu. Sijui Mungu alituonaje. Mimi nilijisikia vizuri kidogo.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee, na Ijumaa ile nilikuwa na zamu ya jioni. Nilibadilishana na mwenzangu; kwa kubadilishana huko nilifanya kazi Jumapili mbili mfululizo baadaye. Kwenye ratiba yangu iliyobandikwa kwenye friji nilifuta zamu nikaandika *ledig*, yaani niko huru, kwa kalamu nyekundu. Nikakanda mandazi. Nikapanga vikombe vitano, vinne vyao na kimoja changu. Bakuli la peremende nililijaza mpaka juu. Kufikia saa kumi jioni giza lilikuwa limeanza kuingia, kama kawaida ya huku mwishoni mwa Oktoba. Nikazima taa zote, nikawasha mishumaa ndani ya chupa za jemu nilizozifunika karatasi ya rangi ya chungwa. Sebule ilipendeza. Ningekuwa mtoto, ningeogopa na kufurahi vilevile.

Nilikaa kwenye kiti cha koridoni, karibu na mlango, nimevaa gauni jeusi na midomo nimeipaka nyeusi. Kumi na moja. Kumi na moja na nusu. Nilikwenda kupasha maziwa mara mbili.

Ilikaribia saa kumi na mbili mlango wa chini ulipofunguka, nikasikia watoto. Sauti yake niliijua kabla hajasema neno linaloeleweka. Walianza orofa ya pili kwa mzee mmoja aliyetundika boga la plastiki kwenye kitasa, wakaimba vitisho vyao, mzee akacheka, karatasi za peremende zikachakarika. Hawakuingia kwake. Walisimama mlangoni, wakapewa, wakashukuru, wakapanda. Nilisikia hayo yote na bado sikuelewa.

Wakafika kwangu. Nilisimama, mkono kwenye kitasa, nikingoja wabishe. Kupitia kijitundu cha kuchungulia mlangoni niliona kofia mbili za wachawi, mifupa iliyochorwa kwenye suti nyeusi, na koti la binti yangu juu ya vazi la paka.

"Hapa hakuna kitu," akasema mmoja kwa Kiswidi. "Hata taa hawajawasha. Anakaa nani hapa?"

Binti yangu aliutazama mlango. Mlango wetu ni wa kahawia, hauna kitu isipokuwa mwanya wa barua na kibao cha jina langu. Jina lake halipo. Yeye anatumia la babake, na kibao cha babake kiliondolewa alipohama. Aliutazama mlango huo kwa muda nilioweza kuhesabu pumzi zangu.

"Sijui," akasema.

Wakapanda orofa ya nne.

Nilibaki nimeshika kitasa. Ningefungua, ningeita, angegeuka. Lakini ningemfanya mwongo mbele ya wenzake, na aibu ya mtoto wa miaka tisa haisahauliki, mimi ninazo zangu mpaka leo. Wakashuka, wakapita tena, mlango wa chini ukafungwa. Niliumia. Sitaki kulipamba jambo hili kwa maneno: niliumia mpaka nikakaa chini sakafuni na gauni langu jeusi, nikala andazi moja ambalo sikulisikia ladha.

Siku iliyofuata Waswidi huenda makaburini kuwawashia marehemu wao mishumaa. Treni zilijaa watu walioshika mishumaa na matawi ya msonobari. Mimi sina marehemu wangu nchi hii, kwa hiyo nilibaki nyumbani na kuanza kubomoa. Nilishusha popo kumi. Nilipofika kwenye utando nikaona vile vifungo, nikashindwa. Nikaurudisha mkasi jikoni na kulala mchana kweupe, kitu ambacho mama yangu angenichapia.

Jumapili jioni aliingia na ufunguo wake. Alivua viatu, akaenda mpaka mlango wa sebule, akasimama. Mimi nilikuwa jikoni nikijifanya ninaosha sufuria.

"Mama," akasema. "Ulifanya haya yote lini?"

"Wiki nzima."

Alikwenda chini ya utando. Nilimwona akinyoosha mkono na kugusa macho ya buibui. "Ni vya koti langu la bluu," akasema.

"Ndivyo."

Akazunguka polepole. Aliona vizuka dirishani, chupa za mishumaa, popo waliobaki. Akaona bakuli la peremende limejaa mpaka juu. Akaja jikoni.

"Ijumaa ulikuwepo nyumbani?"

Jibu nilikuwa nimeliandaa. "Hapana. Nilikuwa kazini. Kwani mlikuja?"

Alifungua friji, akatoa maziwa, akaifunga, kisha akabaki amesimama mbele ya mlango wa friji akitazama ratiba yangu na lile neno la kalamu nyekundu kwenye Ijumaa. Anajua kusoma ratiba yangu kuliko mimi. Ndiyo inayomwambia nani atamlaza. Alisimama pale mpaka nikafunga maji ya bomba.

Hatimaye akasema, akiwa bado amenipa mgongo, "Mapambo yanawekwa nje, mama. Kwenye mlango. Watoto hawaingii ndani, wanapewa tu halafu wanaenda."

"Kwetu mgeni huingia ndani," nikasema.

"Nilifikiri hukutaka tuje." Alilisema hilo kwa Kiswahili. Cha kuvunjikavunjika, lakini Kiswahili.

Nikamwambia nilitaka. Nikamwambia nilitaka sana. Halafu tukapasha mandazi yale magumu, tukayachovya kwenye chai, na hakuna aliyeitaja tena Ijumaa.

Kesho yake nilitoka alfajiri kwenda kazini, naye akajipeleka shule. Niliporudi alasiri nilipanda ngazi nikiwa na mifuko miwili, nikitazama miguu yangu, na karibu nipite. Popo wote kumi niliowashusha walikuwa kwenye mlango wetu, upande wa nje, wamebandikwa kwa ile plasta ya vidonda kutoka kabati la dawa. Chini ya kibao changu alikuwa amebandika kizuka cha karatasi, na ndani ya kizuka, kwa kalamu nyekundu, ameandika jina lake lote, la kwanza na la ukoo, kwa herufi kubwa ambazo mtu anayepanda ngazi hawezi kusema hakuziona.

Popo walianguka mmoja mmoja kabla ya Krismasi. Kizuka bado kipo. Kampuni ya nyumba hukataza kubandika vitu kwenye ngazi, lakini mpaka sasa hakuna aliyeniambia neno. Jumapili jioni anaondoka na mkoba wake, nami Jumatatu narudi kutoka kazini kwenye nyumba yenye friji inayonguruma. Nasimama mbele ya mlango, nalisoma lile jina, na kabla ya kuingiza ufunguo napiga hodi.