Mama Yangu Alizikwa Nje ya Uzio, Sasa Wanataka Kuchimba Choo Hapo

Wewe mwenye ukurasa, jina langu lifunike. Nanyi wengine acheni kunitafuta, someni. Nina miaka themanini na kitu, naishi Tunduma. Anayeandika ni mjukuu wangu, na nimemkataza kunirembea maneno.

Nilizaliwa upande wa Itaka, Mwingereza akitawala. Kanisa letu lilikuwa dogo, familia chache, na pombe marufuku. Baba akafia machimbo ya shaba, Rhodesia. Mama akaomba waumini waje kumlimia. Wakamwombea. Nani alishaona shamba likalimwa kwa maombi? Akapika pombe ya ulezi, akaita majirani wasiosali, maana ndivyo watu walivyolimiana kwetu. Shamba likaisha siku hiyohiyo. Mwaka ule tukala.

Mzee wa kanisa akamtenga mbele ya watu wote. Aliyetengwa hapewi mkono, hali meza ya Bwana, na akifa anazikwa nje ya uzio wa makaburi. Kurudi ni mpaka asimame mbele ya kanisa atubu.

Mama akaugua kifua. Wajomba wakambeba kwa machela hadi kanisani. Mzee akamtazama, akasema, "Dada, toba haifanywi umelala. Simama."

"Mzee, miguu imekataa. Mdomo ninao."

"Basi rudi miguu ikikubali."

Kuna mwanamke alicheka. Namjua, na wajukuu zake mnanisoma hapa. Mama alikufa kabla ya mavuno. Tukamzika nje ya uzio, wala hakuna aliyeimba.

Sasa wanafanya jubilei. Juzi mchungaji, mjukuu wa mzee yuleyule, kaniletea kitenge. "Bibi, wewe ndiye muumini wetu wa kale. Jumapili hii utasimama mbele tukutambulishe."

Nikamuuliza, vyoo vya wageni mnachimba wapi?

"Nje ya uzio, Bibi. Mafundi wanaanza Jumatatu. Pale hakuna kaburi la Mkristo."

"Mama yangu yupo pale."

Akanijibu kwa upole, mtoto wa shule yule: "Kwani alirudi kundini, Bibi?"

Kitenge nimekipokea, ni kizuri. Msiniandikie habari za kusamehe, nimezisikia kabla mama zenu hawajazaliwa. Niambieni hili tu: niwatume wajukuu wamfukue mama kabla ya Jumatatu? Au Jumapili nikae kiti changu cha mbele, na mchungaji akisema, "Bibi, simama," nimjibu mbele ya kanisa zima kwamba miguu imekataa, mdomo ninao?