Kanzu ya Baba Mkwe na Shaba Yangu

Siku baba mkwe wangu alipokuja nyumbani kwetu Kibingo kwa mara ya kwanza, nilimmwagia kahawa. Si kahawa ya kikombe. Kwetu mgeni hupewa buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha zikakaushwa, azitafune, na palipo na posa anayezileta ni yule binti anayeposwa. Anapiga magoti, anashika kikapu kidogo kwa mikono miwili, anamsogezea mgeni achukue. Ni kazi ambayo hata mtoto mdogo anaiweza. Mimi nilikuwa mwari mzima, miaka ya elfu moja mia tisa hamsini ndiyo kwanza inaanza, na mikono yangu ilitikisika kama inapepeta ulezi. Buni ziliruka. Nyingi zilitua kwenye kanzu yake nyeupe, chache zikakwama kwenye ndevu, na moja ikatumbukia katika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, alichokuwa amekishika.

Mzee aliiopoa ile buni kwa kidole, akaitafuna, akaendelea kuzungumza na baba habari za mvua. Mkewe ndiye aliyemnong'oneza jirani yake kwamba binti amelewa, mnong'ono wenyewe wa kusikika mpaka zizini. Sikuwa nimeonja hata tone. Nilitamani kumjibu, na majibu nilikuwa nayo tele, lakini siku hizo ulimi nao ulikuwa mzito na maneno yalitoka yamelala. Ningejitetea kwa ulimi ule, wote wangeapa kwamba ni pombe.

Walirudi kwao Kihanga, na baada ya muda mshenga akaleta ujumbe. Hawakuwa na neno na ukoo wetu. Ila mwanamke asiyeweza kumkaribisha mgeni kahawa angewaaibisha, kwa hiyo wangekuja mara moja tu tena, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukiisha. Huyo binti wa watu akimwaga tena, wangemtafutia kijana wao kwingine. Ndivyo mzee alivyoniita, binti wa watu. Kijana mwenyewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, ana baiskeli na masikio makubwa, na nilimpenda kupita kiasi. Alipokuwa akija kunisalimu nilikaa juu ya mikono yangu ili asiione.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyejitwika kazi ya kuniponya. Alikuwa mwanamke wa kauli moja, na kauli yake kuhusu ugonjwa wowote wa mwili kutetemeka ilikuwa shaba. Bibi zake walivaa shaba mikononi na miguuni, wakafa wazee, hawajatetemeka. Akanipeleka kwa mhunzi nikafungwa vikuku vya waya wa shaba, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha miguu yote miwili. Sikupona, ila nilianza kulia kama kengele. Nikiwa shambani mama alijua nilipo bila kuniita.

Shangazi hakukata tamaa. Akaenda kwa mwenye duka pale senta, mtu mwenye asili ya pwani, aliyemwambia kwamba kwao maji ya kulala ndani ya chombo cha shaba ni dawa. Akanunua sufuria ya shaba. Kila asubuhi nilikunywa maji yaliyolala humo, na kwa kuwa shangazi hakuamini dawa isiyokunja uso, aliyaminyia ndimu tangu jioni. Maji yalianza kugeuka rangi kuwa ya kijani. Alifurahi sana. Alisema hiyo ni alama kwamba dawa imekubali.

Nami nilizidiwa. Nilishindwa kufunga vifungo vya gauni, nikashindwa kumenya ndizi, mate yakanitoka nikiwa nimefunga mdomo. Hapo baba, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya dada yake, alinipakia kwenye lori la kahawa tukaenda hospitali ya misheni. Shangazi alipanda nasi bila kualikwa, amekumbatia sufuria yake, ili daktari aone kazi nzuri iliyokwisha kufanyika.

Daktari alikuwa Mzungu mwembamba aliyezungumza Kiswahili cha polepole. Alinitazama ninavyotembea, akaniambia niandike herufi, nikachora kitu kama njia ya sisimizi. Kisha akanimulika macho kwa tochi ndogo na kioo cha kukuzia. Alikaa humo muda mrefu hata baba akaanza kukohoa. Akasema kandokando ya mboni kuna duara la rangi ya kahawia na kijani, na kwamba duara hilo ni shaba.

Shangazi aliniangalia kwa fahari. Alielewa kwamba vikuku vimepanda mpaka machoni, yaani dawa imeenea mwili mzima. Akafunua sufuria, akaeleza habari ya maji, na ndimu, na vile yalivyogeuka kijani. Daktari alivua miwani akajifunika uso kwa viganja, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Alitueleza taratibu. Kila mtu hula shaba kidogo ndani ya chakula, na mwili huchukua unachotaka na kutupa inayobaki. Wangu haukujua kutupa. Ulikuwa unaweka akiba, kwanza kwenye ini, kisha kwenye ubongo, na ubongo ukijaa shaba mikono hutetemeka na ulimi hulala. Vikuku havikuwa na hatia, alisema, shaba haipenyi ngozi kiasi hicho. Ila yale maji ya ndimu ni sawa na kuumwagia moto mafuta.

Baba aliuliza ugonjwa huu umetoka upande gani. Mama hakuwepo, nikajua anataka kurudi nyumbani na jibu. Daktari akasema ni wa kurithi na lazima utoke pande zote mbili, kwa baba na kwa mama sawasawa. Baba hakuliuliza tena jambo hilo maisha yake yote.

Nikamuuliza mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu ule ule, kama nitapona. Daktari alinielewa mara moja, mtu wa kwanza kunielewa mara moja kwa miezi mingi.

"Nisipokutibu, utapoteza mikono, halafu kauli, halafu uhai," alisema. "Dawa ninayo, ipo kwa ajili ya watu waliopata sumu. Nimesoma kwamba huko mbali imewasaidia wagonjwa kama wewe. Mimi sijawahi kuijaribu."

Niliogopa vibaya sana. Pia nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Dawa yenyewe ilikuwa sindano ya mafuta mazito, ya kupigwa kwenye tako, na ilinuka kitunguu saumu kilichooza. Iliwaka kama pilipili. Wagonjwa wenzangu wodini waliomba kitanda changu kisogezwe dirishani, kisha wakaomba na dirisha lenyewe lifunguliwe. Nilipigwa sindano kwa awamu, nikipumzishwa nyumbani na kurudishwa, na tako langu likawa halijui tena kukaa kwenye kigoda. Masharti nayo yakaja: nisile maini, wala karanga, wala uyoga. Shangazi akauliza kuhusu senene. Daktari akasema hajui kama senene wana shaba, hakuna aliyewahi kumwandikia habari za senene, basi kwa usalama niwaache. Sindano nilizivumilia kimya. Kwa senene nililia.

Shangazi sasa akawa adui wa shaba. Kauli yake ilibaki moja, ila iligeuka upande wa pili. Aliazima tupa kwa mhunzi yule yule, akanikata vikuku vyote, kisha akapita nyumba hata nyumba akiwakatia na wengine vyao, hata waliokuwa wazima. Nilimkumbusha kwamba daktari alisema vikuku havina hatia, akanijibu kwamba daktari ni kijana. Sufuria aliitupa kwenye shimo la choo. Jumapili hakuniruhusu nishike senti ya shaba ya sadaka, aliiviringisha kwenye jani la mgomba na kunitangulizia hadi kwenye sahani.

Senene walikuja kwa mawingu, watu wakawaokota na kuwakaanga, harufu ikanifuata kila nilipokwenda. Lakini asubuhi moja nilifunga kifungo cha shingoni bila msaada. Nilikifungua nikakifunga tena. Nikamwita mama, na jina lilitoka limesimama wima. Mama alikaa chini palepale jikoni akalia.

Wageni wakaja, msimu ukiwa umeisha, kama walivyosema. Nilitoka ndani na kikapu. Mikono haikuwa ya fundi saa, lakini ilikuwa inanisikia. Nilipiga magoti mbele ya mzee, na hapo nikaona kwamba ameitandaza kanzu yake magotini kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekinga maembe. Alikuwa anataka kunidakia. Zikimwagika, zimwagikie kwake, mkewe asione nyingi. Moyo ulinijaa hata nikadhani nitamwaga kwa sababu hiyo tu.

Kikapu kilifika, na hakuna buni iliyoanguka. Mzee aliiangalia kanzu yake tupu, akainyoosha.

"Nilikuwa nimejiandaa," alisema.

Akanyoosha mkono kuchukua. Mkono ule ulitetemeka, wa uzee, na buni mbili zikamponyoka zikadondokea mapajani. Mkewe hakunong'ona kitu. Nilimwokotea nikamwekea kiganjani, nami ndipo nilipoona kwamba amevaa kikuku cha shaba. Shangazi alikiona pia. Alitoka nje, akarudi na tupa, akapiga magoti kando yangu na kuushika ule mkono bila hata kuomba ruhusa. Baba alifunga macho.

Mzee aliiangalia tupa, akamwangalia shangazi, akaniangalia mimi. Akaulegeza mkono akatiwe. Sauti ya tupa ilipokuwa ikikwaruza, alinigeukia.

"Basi, mkwe wangu," alisema, "niongeze kahawa."