Mchombe, Ngazi ya Kwanza

Barua yangu ya posa niliichapa mwenyewe, kwa mashine yangu mwenyewe, kwenye karatasi ngumu ya rangi ya maziwa ambayo wateja huiomba kwa ajili ya vyeti. Nilikuwa na steshenari Mlabani, mjini Ifakara, na nilijiona mtu wa maana. Niliikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikamkabidhi mshenga apande gari la Mlimba, linalopita kijijini kwa mchumba wangu. Nilichosahau ni kuangalia kama mashine ilikuwa imetoa karatasi moja au mbili.

Ya pili ilikuwa ya mchezo. Kila Jumapili baada ya ibada, mimi na marafiki wawili, mwalimu wa hisabati na fundi simu, tulifunga mlango wa duka tukacheza mchezo wa kusimuliana. Mmoja ni shujaa, mwingine mchawi, mimi ni msimamizi wa ufalme mzima, na dadu yenye pande ishirini ndiyo inayoamua nani anakufa. Wenzangu walipenda vita. Mimi nilipenda makazi. Kila kijiji na kila mji wa ufalme wetu niliutengenezea karatasi yake: ngazi kuanzia moja hadi kumi, kisha alama za ulinzi, biashara, tiba na elimu. Haikuwa urembo. Mchezaji akiingia kijiji cha ngazi ya kwanza na mshale wa sumu mguuni, anatakiwa ajue mapema kwamba hapo hakuna wa kumponya, aanze kuaga.

Uvivu wangu ulikuwa kwenye ramani. Badala ya kubuni ufalme, nililinakili bonde letu la Kilombero, majina na yote. Mkula niliipa ngazi ya tatu kwa ajili ya biashara ya barabarani. Mlabani niliipa ya saba, na mwalimu aliponiuliza kama ni kwa sababu duka langu lipo hapo, nikamwambia arushe dadu. Mchombe, anakotoka mchumba wangu, nilikuwa nimefika mara mbili tu, tena kwa haraka. Nikaandika hivi:

Mchombe. Ngazi: 1. Ulinzi: hakuna. Biashara: mpunga na maneno. Tiba: 1, msichana wa duka la dawa. Akiondoka, ngazi inashuka hadi sifuri.

Msichana mwenyewe ndiye niliyekuwa namposa.

Mshenga alinisimulia huku akijifuta jasho. Wazee walikaa, mjomba wa binti akavaa miwani, akaisoma barua kwa sauti ya kanisani, salamu, heshima na taadhima. Alipomaliza akakuta karatasi nyingine ya rangi ileile, akadhani ni ukurasa wa pili, akaendelea kwa sauti ileile. Kwenye "mpunga na maneno" kuna mtu alicheka, halafu hakuna aliyecheka tena. Baba wa binti akaiomba ile karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Posa hajaikataa wala hajaikubali," mshenga aliniambia. "Anataka uende mwenyewe ukaeleze. Na mimi, ndugu yangu, miaka yote ninayopeleka barua za watu, sijawahi kupeleka hesabu za ulinzi."

Nilimpigia mchumba wangu. Alicheka mpaka nikaudhika. Kisha akatulia, akasema, "Ila umeandika nikiondoka. Nani alikwambia naondoka?"

"Si tunaoana? Tutakaa huku Mlabani."

"Hujawahi kuniuliza," akasema, akaniaga kwa sababu mteja alikuwa dirishani. Nilibaki na hasira, nikijiambia kwamba mtu mwenye akili haulizi jambo lililo wazi.

Jumamosi nikapanda gari. Mpunga ulikuwa unajaza punje, na Mchombe niliikuta milango imefungwa, watu wamehamia mashambani kuamia ndege wasiule. Nikawaza, kwa furaha kidogo, kwamba hata hiyo ngazi moja nilikuwa nimewapendelea. Duka la dawa tu ndilo lilikuwa wazi, na mbele yake foleni fupi ya bibi na kina mama wenye watoto mgongoni. Nilipita kwa mbali, maana nilikuwa bado nimenuna.

Baba yake nilimkuta juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa katikati ya shamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Panda."

Akanipa kamba iliyofungwa makopo mwisho wake, akaniambia nikiona ndege wanatua nivute. Tulivuta kamba muda mrefu bila kugusia posa. Mikono ilipoanza kuniwaka, akaitoa ile karatasi mfukoni.

"Hii ngazi mnaipimaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri kuliko mwalimu na fundi simu wakiwekwa pamoja.

"Ulinzi hakuna," akasoma. "Toka barabarani mpaka hapa umeulizwa na watu wangapi?"

"Watano."

"Walikuuliza nini?"

"Natoka wapi, naenda kwa nani. Mmoja alitaka kujua kwenye mkoba kuna nini."

"Na huko Mlabani, mgeni akipita mbele ya duka lako, unamuuliza?"

Akanipa kalamu. Nilikata "hakuna" nikaandika tatu. Akaendelea kunitazama, nikaandika nne.

Kwenye biashara tulibishana. Alisema nije baada ya mavuno nione malori yalivyojipanga, kisha akauliza kama mchezo wetu hauna miezi. Kweli haukuwa nayo. Katika ufalme wangu wote mvua ilikuwa haijawahi kunyesha. Nikachora safu mbili, masika na kiangazi, nikaanza kujaza upya, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahi sana, mpaka nikasahau kilichonileta.

Tukafika kwenye tiba.

"Hapa hukukosea," akasema. Macho yake yalikuwa kwenye mpunga. "Mama yake presha ilimchukua tukiwa njiani tunampeleka Ifakara. Huyu nikamsomesha kwa shamba hilihili, nikamwambia jambo moja tu, kwamba arudi. Akarudi. Sasa hivi kina mama wanapata vidonge vyao hapahapa." Akaigeuza karatasi juu ya goti. "Umeandika wewe mwenyewe kwamba akiondoka tunabaki sifuri. Na kwenye karatasi iliyokuwa juu ya hii, unaniomba nikupe huyohuyo."

Ndege walitua na hakuna aliyevuta kamba. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya uangalie viatu vyako.

"Mzee, sikumuuliza anataka kukaa wapi."

"Basi nenda kamuulize. Mimi nipo hapa mpaka jioni."

Nikarudi kijijini, nikapanga foleni nyuma ya bibi wawili. Zamu yangu ilipofika nilimuuliza, dirishani, wateja wakisikia.

"Hapa," akasema, bila kuinua macho kwenye vidonge alivyokuwa anafunga. "Na hapa mtu akitaka kopi ya kitambulisho anapanda gari mpaka Ifakara. Sikubembelezi. Nakwambia tu."

Nilimpenda siku hiyo kuliko siku zote za nyuma, na nikaogopa pia, kwa sababu duka la Mlabani nilikuwa nimelijenga kwa miaka. Nilirudi shambani polepole. Wale watano wakaniuliza tena ninakokwenda.

Juu ya dungu nilishika kalamu. Tiba: 1, anabaki. Elimu: 1, steshenari. Ngazi: 2.

"Mbili tu?" mzee akauliza.

"Kiangazi, tatu."

Akaitia karatasi mfukoni. "Mwambie mshenga aje tena. Safari hii aje na karatasi moja."

Jumapili ya mwisho kabla sijapakia mashine kwenye gari, tulicheza tukiwa tumezungukwa na maboksi. Kanuni ni kanuni, kwa hiyo niliitoa karatasi ya Mlabani, nikaondoa steshenari moja na mwenye nayo, nikajumlisha upya. Ngazi ya saba. Haikushuka hata alama moja. Mwalimu wa hisabati aliona uso wangu, akaichukua kalamu, akairudia hesabu taratibu, kwa heshima yangu. Jibu likawa lilelile.