Kiti cha Westville

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimefungua maduka ya simu mahali ambapo watu waliapa nitafunga ndani ya mwezi, nimeibiwa na vijana niliowalisha mezani kwangu, nimekaa na wenye mashahada wakinisubiri mimi, mtu wa darasa la saba, niseme bei. Nimeona yote. Lakini nikisikia harufu ya koti la sufu lililolowa mvua, narudi Isipingo miaka ile ya mwisho ya tisini, chumbani kwetu juu ya duka la vitambaa, karibu na stendi ya taksi, yaani mabasi madogo ya abiria, na moyo unaniuma vilevile.

Chumba kilikuwa kimoja, familia mbili, pazia la maua katikati. Upande wa dirisha tulikaa sisi, watu wa Bukavu. Upande wa mlango alikaa Mama Espoir, mjane kutoka Uvira, na mwanawe Espoir, rika langu. Baba alikuwa kinyozi chini ya mwavuli pale stendi, na Mama Espoir alikaanga mandazi karibu naye. Tangu alfajiri ilikuwa harufu ya mafuta, makondakta wakiita abiria kwa Kizulu, na nyimbo za Kihindi kutoka dukani chini. Mimi na Espoir tulisoma darasa moja, shule ya jirani, watoto tumejaa hadi wengine wanaandikia magotini. Niseme bila kujisifu: kwa hesabu nilimpita. Kwa Kiingereza nilimpita mbali sana, na mwalimu alilisema hilo mbele ya wote.

Ndipo habari ikafika kupitia kanisani kwamba zile shule nzuri za serikali, zilizokuwa za Wazungu peke yao, haziruhusiwi tena kumkataa mtoto kwa sababu ya umaskini. Mzazi asiye na uwezo aende mwenyewe mbele ya kamati ya shule, aeleze hali yake, asamehewe ada. Baba yangu na Mama Espoir wakachagua shule moja, huko Westville. Kwa wiki nzima sikulala vizuri. Nilijiona tayari ndani ya koti la kijani la sufu, sare ya shule ile, nikijibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza.

Sasa Baba alikulia Bukavu, ambako mtu haingii ofisi ya serikali na nguo za kazi. Akapiga pasi suti yake ya harusi, akaazima saa ya rangi ya dhahabu na viatu vya ngozi, na rafiki yake mwenye Mercedes kuukuu akakubali kutupeleka. Mama alimtazama akifunga tai mbele ya kioo, akasema, "Baba Jado, unaenda kuomba, hauendi kuoa."

"Bureau ni bureau," Baba akamjibu. "Nikienda hivihivi watasema huyu mtoto hana watu."

Westville ilikuwa kimya, miti na kuta tu, hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Mama mmoja wa kamati, mwenye miwani ya mnyororo, alitukaribisha kwa adabu, na mimi ndiye nikawa mkalimani. Akauliza Baba anafanya kazi gani. "Mwambie niko commerçant," Baba akasema, na nikamwambia ni mfanyabiashara. Akauliza biashara inaendaje. Baba akatabasamu kama anavyotabasamu mtu wa kwetu akiulizwa hivyo, akasema Mungu anasaidia, hatulalamiki. Nikatafsiri sawasawa, sikukosea hata neno. Yule mama akatazama dirishani, Mercedes inang'aa juani, akarudisha macho kwenye saa ya Baba. Akasema kwa upole kwamba msamaha ni wa wasio na chochote. Bwana kama huyu anaweza kulipa kidogokidogo kama wenzake. Nikatafsiri na hilo. Nikasubiri Baba aseme hatuwezi. Jasho lilikuwa linamtiririka na kuingia ndani ya kola.

"Mwambie merci," akasema. "Tutaleta."

Hatukupeleka kitu, maana hakikuwepo. Kesho yake Mama Espoir alitoka moja kwa moja kwenye karai lake, kitenge kina unga, mikono inanuka mafuta, akapanda taksi mbili na mwanawe hadi kwa kamati ileile. Espoir alimtafsiria kwa Kiingereza chake cha kubahatisha kwamba mama hana kitu. Kiti cha shule ile kikawa cha Espoir.

Msimu ule wa mvua niliumwa wivu kama watu wanavyoumwa malaria, kwa vipindi. Koti la kijani lilitundikwa kwenye kamba moja na mashati yangu, likidondosha maji, likinuka kondoo. Espoir alirudi na maneno mapya, akasema wamefundishwa kuogelea. Siku moja alinikuta nimeingiza mkono mmoja ndani ya mkono wa koti. Nilitaka anitukane, ningempiga. Akasema tu, "Vaa, ndugu yangu, yako hiyo. Ila mabega itakubana." Nikalitupa kitandani.

Leo wanaozungumzia mambo ya shule wananiuliza maoni, kwa sababu nina pesa. Nawaambia: pesa ya serikali imfuate mtoto mwenyewe, popote mzazi wake atakapochagua, isingoje mzazi ajidhalilishe vizuri mbele ya meza. Baba yangu alijua kunyoa, kuomba hakujua. Espoir sasa ni daktari wa meno, anakaa Westville, na tukikutana ananikumbatia kwa furaha ya kweli, jambo linalonikera zaidi. Binti yangu alipofika umri, nilitaka shule ileile. Nikaenda nikiwa tayari kulipa ada ya mwaka mzima siku hiyohiyo. Wakaniambia ada si tatizo, bwana, ila wanaanza na watoto wanaokaa karibu, na sisi tulikuwa tunakaa Chatsworth, mbali. Nikatafuta nyumba, mtaa wa pili kutoka kwa Espoir, nikaingia ofisini kwa wakala wa nyumba, nikasaini. Bila kuhesabu mwanasheria wala kodi, kiti kile kimenigharimu randi milioni mbili, laki tatu, arobaini na tano elfu.