Gari Tulilolilima Kama Ngolo

Kila nikifungua kopo la waksi, mwanangu, harufu yake inanirudisha Mbamba Bay, siku moja ya kiangazi cha ujana wangu. Nimesimama mbele ya nyumba ya mama mmoja wa Kinyasa, nimekuja kuposa, na gari nililokuja nalo limeota manyoya mekundu.

Nitakueleza lilivyoota. Lakini kwanza ujue anayesema na wewe ni nani, maana juzi uliponipigia simu kuniuliza ununue waksi ipi kwa gari lako jipya, ulisema, "Baba, hata kwenye mtandao wanaeleza." Sawa, wanaeleza. Mimi nimeishia darasa la saba, na huo mtandao nausoma kwa shida. Ila simama stendi ya Mbinga uulize pikapu ya kijani ya baba yako. Wasichana hujifunga vilemba vyao mlangoni pake kama kwenye kioo. Madereva wa ofisi kubwa, watu waliotoka mikoa ya mbali na vyeti vyao, huegesha pembeni wakaniuliza, "Mzee, unapaka nini?" Nawaambia bila kuficha. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, sioni cha kuogopa.

Sasa sikiliza.

Wakati huo nilikuwa dereva wa Mzee Odilo wa Mbuji, mkulima wa kahawa aliyekuwa na pikapu ya bluu. Nasema dereva, nilianza kama utingo, usukani nikauiba kwa macho mpaka mwenyewe akanikabidhi funguo. Tulikuwa tukishusha mahindi ziwani na kupandisha usipa, ndiyo dagaa wa huku kwetu. Huko kwenye usipa ndiko nilikomwona mama yako. Wakati huo alikuwa Kandida tu, binti anayeanika dagaa mchangani na kunicheka ninavyorudisha gari nyuma. Sikuwahi kuchekwa nikafurahi namna ile.

Wazee wetu walishuka kuposa mara ya kwanza, na bibi yako, mama yake Kandida, akawarudisha. Hakuwatukana. Aliwapa ugali na samaki, wakala wakashiba, ndipo akawaambia, "Binti yangu hajui baridi. Na sikumzaa aende kufukia majani milimani."

Hapo alikuwa anasema ngolo. Wewe umezikuta, ila wenzako wa mjini huenda hawazijui, kwa hiyo nazitaja. Milima yetu imesimama, ukilima hovyo mvua inaondoka na shamba. Basi sisi Wamatengo tunakata majani, tunayalaza chini kwa miraba, tunafukia udongo juu yake, katikati ya kila mraba panabaki shimo la kushika maji. Ukitazama kutoka mbali mlima unakuwa kama sega la nyuki. Kulaza majani ni kazi ya mwanamume. Kufukia ni ya mwanamke, na inavunja mgongo. Bibi yako alikuwa amepanda huku juu mara nyingi na usipa wake kichwani, aliyaona hayo, akayakataa kwa ajili ya mwanawe.

Baadaye akatuma neno: tushuke tena mara moja, akisema hapana basi ni hapana mpaka kaburini. Mwanangu, sikuwa nakula.

Mzee Odilo akanihurumia. Akaniazima pikapu, akatoa na kikopo kidogo cha waksi alichokuwa akikitunza kabatini pamoja na rozari yake. "Nenda na gari linalong'aa," akaniambia. "Upake kidogo, kwenye kivuli, kisha ufute mpaka ujione. Na gari langu lirudi lilivyokwenda."

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Kasian, ambaye kazi yake ilikuwa kusafisha kanisa la parokia. Alikishika kile kikopo, akakifungua, akakinusa.

"Hiki ni cha gari au cha kupaka midomo?"

"Mzee kasema kidogo kinatosha, baba mdogo."

"Kidogo! Sakafu yangu inakanyagwa misa ya kwanza na misa ya pili, na bado padri nusura ateleze. Gari linakanyagwa na nani?" Akaenda kanisani akarudi na debe la dawa ya sakafu, ile nyekundu ya kung'arisha saruji.

Nikamwambia ile ni ya saruji. Akaniuliza, "Kesho atakayekusemea ni Mzee Odilo au mimi?" Mwanangu, kijana wa kwetu habishani na mdomo utakaomwombea mke. Nilishika kitambaa tukapaka. Tulipaka nene, kama siagi ya sikukuu. Asubuhi gari liling'aa kweli, si bluu si jekundu, rangi ya zambarau iliyoiva. Baba mdogo akalizunguka mikono nyuma kama askofu.

Siku hizi kwenda ziwani ni lami, unateleza tu. Wakati ule ilikuwa vumbi kuanzia Mbinga mpaka majini. Na kadiri unavyoteremka joto linapanda. Dawa ya sakafu ikalainika juani, na kila lori tulilopishana nalo likatumwagia vumbi lake, na vumbi likipata mahali pa kushika halitoki. Tulipoingia Mbamba Bay gari lilikuwa na manyoya. Baba mdogo aliposhuka akaliegemea, koti lake la kanisani likachukua ubavu mzima.

Mama mmoja muuza samaki akapaza sauti, "Jamani wa milimani! Gari mmelipaka unga, mmesahau kulikaanga?"

Soko zima likacheka. Mimi nikatazama pazia la nyumba ya kina Kandida. Lilitikisika. Yeye alikuwa ndani kama desturi inavyotaka, binti hatoki nje siku anayozungumziwa.

Bibi yako akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja na gari au na beberu?" Akalizunguka. Akapitisha kidole, akakinusa. "Hii si ya sakafu?"

"Ni ya kanisani, mama," baba mdogo akajibu kwa heshima zote.

"Basi mngelipeleka kanisani." Akanigeukia mimi. "Gari ni lako?"

"Hapana mama, la Mzee Odilo."

"Anajua lilivyo?"

"Hajui."

Nikajua yameisha. Kumbe akasema, "Sipokei maneno ya posa huku mali ya mtu inaharibika mlangoni kwangu. Gari kwanza." Akaingia ndani akatoka na mafuta ya taa, yale ya taa yake mwenyewe ya usiku, akanimiminia kwenye sufuria kuukuu. Usiku ule walikaa gizani kwa ajili ya baba mdogo Kasian. Hilo sijalisahau.

Nikasugua. Mafuta ya taa yakala dawa ya sakafu, nikafuata na maji ya ziwa na sabuni ya mche, nikakausha kwa shati langu la ndani. Bluu ya Mzee Odilo ikarudi, imefifia kidogo lakini imerudi. Nikatoa kikopo. Nikaona sasa ndipo nitaonyesha uanaume. Jua la saa sita liko utosini, nikapaka boneti yote, paa lote, milango yote kwa mpigo mmoja, haraka haraka, watu wanatazama. Nilipogeuka kuanza kufuta, waksi ilikuwa imeshakauka nyeupe kama chokaa. Nasugua haitoki. Nasugua kwa kiwiko haitoki. Jasho linaingia machoni, na baba mdogo ananipa moyo kutoka kwenye kiti, "Kaza, mwanangu, kaza!"

Bibi yako akaanza kucheka. Nikaona hata jino lake la pembeni.

"Wewe wa milimani, hebu niambie. Nimepita kwenu Mbuji, nimewaona. Huwa mnalima mlima mzima kwa siku moja?"

"Hapana mama. Tunalima mraba mmoja, ukiisha tunahamia mwingine."

"Sasa gari mbona unalilima kama huna kwenu?"

Akaniamuru nilisogeze gari kwenye kivuli cha paa la nyumba. Nikalisogeza. Ile iliyogoma akanionyesha niiguse tena kwa waksi mbichi kidogo, ilainike, kisha nifute. Ikatoka. Hakuwahi kumiliki hata baiskeli yule mama, ila alijua kitu kilichokauka hulainishwa na mwenzake, maana alishakwangua rangi iliyokauka kwenye mashua za marehemu babu yako. Kisha akakaa kwenye gogo, akauliza tena kana kwamba anapoteza muda tu, "Na huko kwenu, huo mraba mmoja analima mtu mmoja?"

Nikajibu bila kufikiri, mikono iko kazini. "Hapana mama. Mwanamume analaza majani, mwanamke anafuata anafukia."

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikaganda. Neno lilelile alilotukatalia! Baba mdogo akainua kichwa, na shangazi yangu tuliyekuja naye akashika mdomo.

Bibi yako akanitazama. Akalitazama gari. Akalitazama pazia, ambalo safari hii halikutikisika hata kidogo, maana aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameacha kupumua.

"Haya," akasema. "Laza."

Nikachovya kitambaa, nikapaka kipande kimoja cha mlango, kadiri ya viganja viwili. Naye, bila kupandisha sauti, akaita ndani, "Kandida! Chukua kitambaa laini, utoke. Njoo ufukie."

Shangazi alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia Malawi. Baba mdogo akasimama akijifuta koti. "Lakini mama, maneno ya posa bado hatujayasema!"

"Nimeshayajibu. Wewe kaa, utaniharibia na kiti."

Mama yako akatoka, ameinamisha macho. Hakunisemesha. Mimi napaka mraba, naacha ukungu wake mweupe ukae kidogo, nahamia wa pili, yeye nyuma yangu anaufuta ule wa kwanza. Tukazunguka gari hivyo, upande mpaka upande. Tulipofika mlango wa nyuma akasema neno lake la kwanza kwangu kama mchumba. "Hapa umelaza nyingi."

Nikapunguza. Mpaka leo napunguza.

Sasa jibu lako, mwanangu. Nenda dukani usidanganywe na picha ya kopo. Kwanza angalia ni waksi, siyo polishi ya kukwangua. Polishi inakula rangi ili ing'ae, waksi inaifunika rangi ili idumu, na muuzaji mvivu atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake. Ile ya kupuliza ni rahisi kama kumwagilia maua, lakini mvua zetu za masika zitaiosha kabla hujaizoea. Ile ngumu kama sabuni ya mche inadumu, ila itakuchosha, utapaka mara moja ukifurahia gari jipya, kisha kopo litalala uvunguni. Mimi natumia ile ya kopo iliyo laini, inayokubali kidole bila kubishana. Inapakika, inafutika, na inakaa. Ukitaka kujua kama bado ipo, mwagia maji. Yakijikusanya matone na kukimbia kama kwenye jani la gimbi, ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha, paka upya. Anza na sehemu ndogo isiyoonekana uone inavyokubaliana na rangi yako. Gari lioshwe, likauke, liwe kivulini na bati lake limepoa. Kidogo, mraba kwa mraba. Na dawa ya sakafu iache sakafuni, hata akikuletea baba mdogo wako.

Lakini nikueleze kwa nini nasema rahisi ndiyo bora. Waksi inayokutaka nguvu zote utaipaka peke yako kwa hasira. Ile nyepesi, mtu anaweza kuja akakaa karibu akakusaidia bila kuombwa. Mimi nimenunua magari, nimejenga, nimesomesha, na watu wananiita tajiri, na sibishi. Ila mali yangu yote nimeipata hivyo, mimi nalaza, mama yako anafukia. Kama ningejifanya wa kulima mlima mzima peke yangu, ningekuwa bado nasugua chokaa juani.

Siku hizi bega lake linamsumbua, wewe unajua. Daktari amemkataza kazi za kuinua mkono. Jumamosi iliyopita nilikuwa napaka pikapu uani, nikapaka na kufuta mwenyewe, mraba kwa mraba, nikabakiza kipande kimoja chini kabisa cha mlango wa dereva, kinachofikiwa na mtu aliyekaa. Nikaingia ndani kama mwenye kiu. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye kigoda na kitambaa cha kitenge kuukuu, anafuta polepole kwa mkono ulio mzima, na alipokiona kivuli changu hakugeuka.

"Hapa umelaza nyingi," akasema.

Nenda salama na gari lako, mwanangu. Mungu alilinde kwenye kona na matope, likuvushe masika na kiangazi. Na zaidi ya gari, akujalie mtu wa kufukia ulipolaza, na siku mkono wake ukichoka, akupe akili ya kumbakizia kipande.